Kangomba

Mimi napima korosho, Dadi. Msimu wa saba huu,
ghalani Tandahimba, mizani mbele, kalamu sikioni.
Gunia likitua najua kwa kishindo chake
kama limebeba korosho au limebeba mawe.
Na bado ulinipitishia mawe mwaka mzima.

Wiki ya kwanza ulinimwagia: simu ya alfajiri,
simu ya adhuhuri, vocha, kitenge, "mke wangu",
hata jina la mama yangu hujalijua.
Nikasema huyu ndiye. Sikutia mkono guniani.

Kisha kimya. Siku nne.
Tiki mbili za buluu, na wewe umejaa kwenye stetasi
ukicheka Masasi na watu nisiowajua.
Nilipouliza ulikuwa wapi
ukaniuliza mimi nina matatizo gani.
Nikaomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma.
Niliomba kwa sauti, dada Somoe akimenya mihogo;
hakusema kitu, kisu tu kilipunguza mwendo.

Ukataka nywila. Ukataka picha ya nilipo,
na mizani ionekane, ndipo uamini.
Ukasema shoga zangu wana kijicho.
Ukasema siku ile ya mvua hukunifokea,
nimeota.
Nikaanza kuandika nyuma ya daftari la ushirika,
chini ya kilo za watu:
tarehe tisa, amenifokea. Sikuota.

Kangomba unaijua. Babu yako aliliwa nayo.
Mtu anakuja na bakuli lake njaa imeshaingia,
mkorosho bado uko kwenye maua,
anakupa kidogo leo, anabeba msimu wote kesho,
bakuli lake, kipimo chake,
na anayesema ahsante ni wewe.

Jana usiku nilijumlisha. Vocha, kitenge, nauli ya Newala:
elfu arobaini na sita na mia tano.
Nimeirudisha kwa simu, pamoja na ya kutolea.
Ujumbe ukaja, unalia.
Ukaja mwingine, utajiua.
Nikampigia kaka yako Nalinga aende akakae nawe.
Sikuja mimi.
Ukaja wa tatu: "Nani atakuchukua wewe?"
Huo tu ndio niliotambua mwandiko wako.

Leo mnada. Mwenye gunia la kwanza ananiambia,
"Binti, pitisha tu, si tunajuana?"

Nimetia mkono mpaka kwapani.