Nyuma ya Daftari la Madeni

Mbele ya daftari hili ni hesabu tupu:
mpiga chapa wa Kaunas anadai, posta inadai,
mwenye jengo anadai huku akikohoa kwenye simu.
Kaarlo, mhasibu wetu wa kila Alhamisi,
huzipigia mstari mwekundu,
kisha hushusha pumzi kama mtu anayevua viatu vya kubana.

Nyuma, nikilipindua kichwa chini,
ni kwangu. Huko hakuna anayedai.

Huko kuna mchezo wa kuchezwa miaka arobaini,
usiku mmoja tu kwa mwaka, theluji ya kwanza ikianguka.
Wachezaji watazeeka pamoja na wahusika wao;
mama atamrithisha bintiye upanga wa karatasi
na kosa alilolifanya mwaka wa tatu.
Nani atanunua? aliuliza Kaarlo.
Mtu mvumilivu, nikamjibu.
Akaandika: sifuri.

Kuna ramani ya kufumwa kwa sufu,
milima ni mafundo, mito ni uzi laini,
ili Sanelma, asiyeona tangu utotoni,
aongoze msafara kwa ncha za vidole
na sisi wenye macho tumuulize njia.
Jengo hili lilikuwa kiwanda cha nguo.
Hadi leo nikifagia chini ya rafu naokota nyuzi,
naziweka koponi. Si utani.

Kuna mchezo wa mtu mmoja, wa zamu ya usiku hospitalini,
usio na dadu, maana dadu hugonga na wagonjwa wamelala.
Kuna ule ambao joka ndilo linalokuja kuomba kazi.
Kuna sanduku lisilo na kanuni hata moja,
ila Eetu, mchoraji, kasema hilo ni sanduku tupu
na wateja si wajinga.

Basi Februari hii, Tampere imeganda hadi kope,
masanduku mia sita ya *Taji la Chumvi*
yamelala ghalani kama ng'ombe walioshiba,
ikaja bahasha kutoka Kemijärvi.

Ndani, karatasi moja ya mhusika:
Horma, mwizi wa daraja la tisa.
Vipande vitatu vya fedha, kamba, jibini.
Doa la kahawa pembeni, na nambari ya uhai
imefutwa na kuandikwa, imefutwa na kuandikwa,
mpaka karatasi pale inapitisha mwanga.

"Tumecheza kila Ijumaa miaka kumi na tisa,"
aliandika Bwana Taisto Ylitalo.
"Aliyekuwa akimcheza Horma tulimzika Jumanne.
Horma mwenyewe yu hai. Yuko juu ya ukuta,
ameshika kamba tunayoning'inia sote wanne.
Nimesoma kitabu chenu jalada hadi jalada.
Kifo cha mhusika: kurasa sita.
Cha mchezaji: sijaona.
Tufanyeje?"

Nilitafuta nami, kana kwamba sikukiandika mwenyewe.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, sijazika mtu.
Nilijua uzito wa kila shoka.

Siku tatu niliacha simu ilie.
Sikutaka kumuua Horma,
wala kumvika mtu mwingine kama koti la mtumba.
Niliandika kurasa nne, nikazichana.
Yakabaki haya:

Kiti kisiondolewe.
Kamba haikatiki; aliyeishika hachoki.
Pandeni mmoja mmoja, na kila afikaye juu
aseme neno moja ambalo Horma alimwambia.
Msirushe dadu.

Eetu alichora ukingo mwembamba, basi.
Nikabandika stempu. Bei: hakuna.

Alhamisi Kaarlo akaiona risiti ya posta,
akauliza aiingize fungu gani.
Nikalipindua daftari kichwa chini,
nikamsogezea, pamoja na barua ya Kemijärvi.
Alisoma polepole, miwani imepanda kwenye paji.
Kisha akaandika, chini ya ramani ya sufu,
kwa mwandiko wake mdogo wa kihasibu:
stempu, moja.

Hakupiga mstari.