Kikombe cha Pili

Hull, nyumba ya wazee kando ya barabara ya Hessle.
Mvua inakuja kwa ubavu,
kama mtu anayeruka foleni bila kuomba radhi.
Maureen anauliza nani anataka chai.
Mkono wa baba uko juu
swali halijafika kwenye chai.

Alikuwa mjumbe.
Watu elfu arobaini wa wilaya walimtuma,
ndivyo ilivyoandikwa.
Mimi nilikuwa na miaka tisa; nilichokiona
ni suti ya kijivu na begi la chama
lililolia kwata kila lilipofunguliwa.
Rais hakuchaguliwa na watu. Watu walikuwa na wajumbe,
wajumbe walikuwa na mikono,
mikono ilikuwa na jina moja.

Leo imefika bahasha ya manispaa.
Namsomea: majina saba, vyama saba,
mmoja fundi bomba,
mmoja haja yake ni njia ya baiskeli tu.
Anaisogeza karatasi kwenye miwani, anaigeuza nyuma.
"Yuko wapi," anauliza, "yule aliyekwisha kuchaguliwa?"

Nacheka. Yeye hacheki.

"Tulikuwa mia mbili na kumi na tatu.
Feni mbovu, mashati yameganda mgongoni.
Mwenyekiti akasema, wanaokubali.
Kihedu alikuwa ametoka."

Kwenda wapi?

"Chooni. Nje. Sijui.
Koti lake lilibaki kitini, bado lina mabega.
Mhesabu anakuja safu kwa safu na kalamu nyekundu,
na idadi ilishapigwa chapa tangu asubuhi,
niliiona mimi, wino mbichi:
mia mbili na kumi na tatu.
Nikainua wa kulia.
Halafu nikainua wa kushoto."

Ulikuwa unamficha, baba?
Au ulikuwa unaitunzia hesabu heshima yake?

Anatazama upande wa mto Humber,
ambao kutoka dirisha hili hauonekani,
huonekana ukuta wa duka la mazulia.
"Mkono ukishapanda," anasema,
na sentensi anaiacha hapo.

Jumatatu yake meza ya Kihedu ilikaliwa na mtu mwingine.
Hilo nalijua kwa mama.
Sikujua kwamba hapana yake, ile moja,
aliyoisema kwa kuinuka na kwenda zake,
ilipanda juu kama ndiyo
katika kiganja cha baba yangu.

Saa kumi. Maureen na toroli lake.
Nani anataka chai?
Baba anainua mikono yote miwili.
"Leo una kiu, mpenzi," anasema Maureen,
anaweka vikombe viwili.

Anakunywa kimoja.
Cha pili anakisukuma taratibu
mbele ya kiti kisicho na mtu,
juu ya karatasi ya majina saba,
na chai inapoa, maziwa yanashika utando,
kisahani kinachora duara la maji
ambalo halimgusi yeyote.