Loki ya Difu

Difu haina haki, nakwambia mapema.
Nguvu zote humpa yule asiyeshika kitu,
tairi lililo hewani, linalochezea tope;
lililokanyaga udongo mgumu
husimama kama mgeni asiyekaribishwa.
Baba aliyasema haya akichora ekseli
kwa ncha ya bisibisi juu ya vumbi la boneti,
nami nikadhani anazungumzia gari.

Alituachia mikarafuu thelathini na minane,
deni la Wete, na pikapu hii: fowili,
gia ndogo na kubwa, na kishikio cheusi chini ya dashibodi
ambacho tangu matanga hakuna aliyekigusa.
Mimi naendesha. Khatoro anahesabu magunia.
Mwaka mzima tumesemezana kwa risiti.

Usiku ule wa vuli tulitoka Mgelema
na magunia kumi na tisa, turubali limekazwa.
Udongo wa kule ukinywa maji huwa sabuni.
Nikaingiza fowili, gia ndogo,
mguu mwepesi kama wa mwizi,
tukapanda nusu ya mlima, tukakaa.
Nyuma kushoto likazunguka, likazunguka.
Kulia kimya.

Khatoro akashuka bila neno.
Akafungua gunia la makonyo,
akayamwaga yote chini ya tairi.
Tairi likayala, likayatema,
moshi ukapanda,
na sisi wawili gizani, tope hadi magotini,
tukanukia kama chumba cha biharusi.

"Loki," akasema. Neno la kwanza tangu Alhamisi.
Nikavuta kishikio. Taa haikuwaka.
Nikavuta tena.

Kitu kisichotumika hakipumziki, huoza.
(Hili si la Baba, hili nalijua mimi.)
Waya ulikuwa umeshikana kwa kutu,
chumvi ya mchanga tulioubeba Tumbe
tusioshe chini ya gari, kwa sababu
kila mmoja alisema ni zamu ya mwenzake.

Akajilaza chali, tochi kinywani,
maji yakimpita shingoni kama mfereji.
Nikasikia spana namba kumi na saba:
ko. Ko. Ko.
"Nimetoka. Peleka mbele kidogo.
Kidogo, nimesema! Rudi."
Meno hayakutani kwa nguvu,
huyatikisa, unayabembeleza,
mpaka kila jino lipate pengo lake.
Kisha, nyuma huko chini: kloko.
Taa ya rangi ya chungwa.

Sitakwambia tulipaa. Tulitambaa,
matairi mawili, ekseli moja, mwendo mmoja,
usukani mzito kama ng'ombe asiyetaka kuvuka,
na Khatoro nyuma anasukuma
kisichohitaji tena kusukumwa.

Kule juu nikasahau, kwa furaha.
Nikaingia lami na loki yangu,
na kwenye kona ya Machomane gari likakataa kupinda,
matairi yakalia kama paka wa sokoni.
Khatoro akapiga mlango kwa kiganja:
"Itoe! Kwenye kona, wa nje ana safari ndefu,
mwache aende zake, utavunja ekseli!"
Nikasimama. Nikairudisha.
Taa ikachelewa, kisha ikazimika.

Sasa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala,
tunalipeleka kwenye mchanga nyuma ya skuli:
hatua mia kwa fowili, ishirini kwa loki,
hakuna mzigo, hakuna anayetufukuza.
Yeye hufungua boliti ya difu, hutia kidole, hunusa;
oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia.
Mimi naosha chini kwa maji matamu,
napaka grisi kwenye waya.
Magunia bado anayahesabu mara mbili.
Namsikia. Sisemi kitu.