Daftari la Getini

Saa kumi na moja kamili, na Julai imekaa mlangoni
kama mdai asiyebisha hodi.
Mlima haupo leo. Hata nyumba ya Mama Nanyaro,
hatua ishirini kutoka kwangu, haipo;
kikohozi chake tu ndicho kinachoniambia haijahama.

Blanketi lina hoja nzito.
Linasema, jana ulikimbia. Linasema, kesho ipo.
Linasema, Namkunda, una miaka arobaini na saba,
unamkimbia nani?

Sijawahi kulijibu.
Nashusha mguu mmoja kwenye saruji,
ubaridi unapanda hadi kwenye fizi.
Wa pili unafuata kwa aibu ya kuachwa.

Raba nilizipata Kilombero, rundo la elfu kumi na tano.
Aliyezivaa kabla yangu alikanyagia upande wa nje,
kisigino cha kulia kimelika kama sabuni.
Basi kila alfajiri tunatoka wawili,
mimi na mwendo wa mtu nisiyemjua,
tunabishana mpaka njia panda ya Sanawari,
kisha tunapatana.

Februari kila mtu ni mwanariadha.
Tulikuwa saba, tukicheka mpaka mbwa wakakasirika.
Juni ikaja, wakapukutika:
yule wa benki alisema goti,
mwalimu Kivuyo alisema mafua,
Eliaichi hakusema kitu, alizima simu tu.

Kilima cha Ilboru unakijua kwa mapafu, si kwa macho.
Ukungu umemeza mikaratusi, umemeza mibuni,
umebakiza mita tatu za lami na mimi.
Pumzi inatoka nyeupe, inanitangulia,
naipita, inatoka nyingine.
Masikio yanauma kama yametukanwa.
Siwazi lolote kubwa hapa. Nawaza chai.
Nawaza suruali thelathini za sare
zinazonisubiri kwenye cherehani.

Kwenye geti jeusi la bohari ya kahawa
Lomayani yumo ndani ya koti, shuka juu ya koti,
tochi juu ya daftari.
Anainua tochi, nainua mkono.
Miezi mitano, lugha yetu ndiyo hiyo.

Halafu ikaja wiki ambayo manyunyu hayakukatika,
nami nikalala.
Siku ya kwanza nilisema kifua.
Ya pili nilisema nguo hazijakauka,
na kweli, Julai hakuna kinachokauka.
Ya tatu sikusema kitu.
Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Ya nne nikapanda, mzito kama gunia lililonyeshewa.
Getini tochi haikuinuka.
"Mama, simama kidogo."
Akafungua daftari, kurasa zimelegea kwa unyevu,
na hapo, kati ya lori la maziwa na zamu ya Saning'o,
mwandiko uliokandamizwa kama unachongwa:

11.25 Mama wa kofia nyekundu amepita.
11.31 Mama amepita.
11.24 Amepita. Mvua.

Kisha, bila saa:

Hajapita.
Hajapita.
Hajapita. Nimemuuliza wa maziwa. Hajui.

"Bosi anataka niandike kila kinachopita," alisema.
"Kisichopita hakukitaja.
Hicho naandika mwenyewe."

Sikuwa na neno. Nilichezesha miguu pale pale,
maana ukisimama baridi inakuvaa.
Nikamuuliza, sasa hivi ni saa ngapi?
Akatazama simu. Akaipulizia kalamu,
wino ulikuwa umeganda,
akapuliza tena,
akaandika polepole,
nami nikangoja mpaka nukta.

Kisha nikaendelea kupanda.
Giza lilikuwa bado.
Agosti nzima ilikuwa mbele yangu,
na goti la kulia lilikwisha kuanza maneno yake.