Daftari la Mgahawani

Mimi sikusoma saikolojia.
Nilisoma hadi darasa la saba, Kibosho,
kisha nikaanza kusoma sahani.

Wiki bumu likiingia wanaagiza kwa sauti:
wali kuku, soda, na chapati ya kufunga.
Wiki ya tatu sauti inashuka: wali maharage.
Ya tano, chai na andazi moja
linalokatwa mara nne kama la kugawia wageni.
Halafu yupo yule anayekuja na kikombe chake
kuomba maji ya moto tu.
"Mama Aika, leo tumbo halijatulia."
Nami najua limetulia sana,
limetulia kama jiko la juzi.

Ndiyo maana nina madaftari mawili.
La bluu ni la madeni.
La pili mwanangu alibakiza kurasa;
humo naandika nani hakuja.

Ukurasa wa kwanza ni wa Naserian wa Longido,
ualimu, mwaka wa pili.
Siku tisa hakuonekana.
Nikasema labda amepata mtu wa kumpikia,
nikacheka, nikasonga ugali.
Siku ya kumi kaka yake alikuja na bodaboda
kuchukua godoro. Hakusema kitu,
nami sikuuliza.
Katika la bluu namdai elfu mbili mia tano.
Katika hili yeye ndiye ananidai.
Ule ukurasa siuchani.

Kwa hiyo Nkwabi wa Maswa alipokosa Jumatatu,
Jumanne, Jumatano,
Alhamisi nilifunika sufuria
nikapanda ngazi za utawala na kanga yenye masizi.
Kijana wa mapokezi akauliza, una miadi?
Nikamwambia, nina maharage jikoni, yanaungua.

Bi Ndekirwa, mlezi wa wanafunzi, alitoka mwenyewe.
Hakunipa fomu.
Alivua viatu vya kisigino, akaazima kandambili za mfagiaji,
maana mvua za Aprili Moshi hazijui cheo,
na njia ya Bweni C ilikuwa tope tupu.

Chumba cha kumi na nne. Pazia limefungwa saa saba mchana.
Nkwabi amegeukia ukuta.
"Sapu tatu," alisema, bila kugeuka.
"Na nyumbani wameshauza ng'ombe wa pili."
Nikasubiri hotuba.
Bi Ndekirwa akakalia ndoo iliyofunikwa,
akauliza: "Umekula lini?"

Swali hilo nimeliuliza miaka kumi na sita.
Sikuwahi kulisikia likitoka ghorofa ya pili.

Sitaki kudanganya, haukuwa muujiza.
Sapu mbili alifaulu, moja ameibeba mpaka mwakani.
Siku nyingine bado anakaa kimya karibu na soketi,
simu imejaa chaji, yeye bado.
Lakini ile ofisi ya ushauri, ile ya mwisho wa korido
ambayo ukiigonga bweni zima linajua,
sasa kila Ijumaa ina meza kwangu,
ya dirishani, isiyo na kibao.
Bwana Kapufi mshauri anachambua mchele,
na mtu akija kukaa, anamsogezea ungo.
Mikono ikiwa na kazi, mdomo unalegea.

Na Jumatatu Bi Ndekirwa hushuka na kalamu:
"Mama Aika, nani?"
Namsomea majina. Madeni simsomei.
Deni ni siri ya mtu na mchuzi wake.

Jana Nkwabi kaja na elfu tatu,
anainyoosha noti moja moja kama anaipiga pasi.
"Futa jina langu."
Nikafungua la bluu, nikapiga mstari.
Akachungulia la pili.
"Na hilo?"

Hilo halilipwi, nikamwambia.
Kesho ni makande.
Uje mapema.