Mbwa Alipewa Mafuta Matupu

Farasi hakukusudia.
Aligeuza kichwa kumfukuza nzi,
na kichwa cha farasi ni kizito kama mlango.
Nurzat alikuwa akikaza mkanda wa tandiko;
akarudi nyuma hatua mbili, akaketi nyasini,
damu ikimpita kati ya vidole.
Hata hakulia.

Jino aliliona Mama Burulkan
mbele ya hema la sufu,
jeupe kando ya mavi makavu ya kondoo.
Tayari alikuwa na donge la mafuta ya mkia,
tayari anamwita mbwa.
Huku kwetu milimani ndivyo jino linavyoagwa:
mbwa hulimeza, mtoto akaota jingine,
kali kama la mbwa.
Yangu yote yalikwenda hivyo.

"Mama," nikasema, "fungua kiganja."

Miaka tisa nilipiga deki kliniki ya meno, Kochkor.
Hakuna aliyenifundisha kitu,
ila mwenye ufagio ana masikio,
na Daktari Sapargul hasemi, hupiga kelele.
Jino la utoto lina mrithi ndani ya ufizi, liache liende.
Nurzat ana miaka kumi na miwili.
Hili halina mrithi,
na jino la pembe si dawa ya pengo.

Kwanza nikamuuliza jina la farasi,
siku gani leo, wanakondoo wangapi.
Akajibu kwa vidole, sawasawa.
Hakutapika. Macho yalinifuata.
Ndipo nikalishika jino kwa kichwa, pale panapotafuna;
mzizi sikuugusa,
umevaa ngozi nyembamba kuliko ya kitunguu
na ngozi hiyo bado ilikuwa hai.

Mama akaleta maji ya chumvi. Nikakataa.
Akaleta kitambaa alisugue. Nikakataa.
Akaleta kumisi, bakuli limejaa.
"Basi unataka nini, binti wa mjini?"

Maziwa. Ya ng'ombe, ya asubuhi, yasiyochacha.

Nikalisuuza mara moja tu.
"Tazama juu, tundu la moshi."
Likanigomea. Nikaligeuza.
Likaingia, kwa sauti ndogo
niliyoisikia vidoleni, si masikioni.
"Uma leso. Usiongee."

Temirbek akawasha Niva yake, akicheka:
dawa ya jino ni kung'oa,
nalo limeshajing'oa lenyewe!
Saa moja, husema Sapargul, nusu saa ni bora zaidi,
na njia ya kushuka ni saa mbili bila pancha.
Ndiyo maana sikungoja.
Mama akapakata mtungi wa maziwa njia nzima,
mtungi usio na jino,
kwa kuwa hakuna aliyemwambia auache.

Sapargul alilifunga kwa majirani zake
kwa waya mwembamba kama unywele.
Kisha akatazama viatu vyangu, ndipo uso:
"Si wewe uliyekuwa ukipiga deki?"
Nikasema ndiye.
Akanirudishia sindano ya maneno: "Ungerudi kazini."

Wiki mbili waya ukatoka. Baadaye mzizi ukasafishwa.
Sasa jino lina rangi ya chai ya maziwa,
huenda likadumu, huenda lisidumu;
Nurzat hung'atia tufaha upande wa pili.

Mbwa alipewa mafuta matupu.
Tangu siku ile hunifuata mpaka zizini,
hukaa, huinua pua,
hutazama mdomo wangu ninapocheka.