Soko la Darasa la Pili

Tumesogeza madawati ukutani.
Vizibo vya soda ndizo sarafu,
karatasi za kuviringa ni machungwa ya Muheza,
na Shekifu, asiyetulia, kajiteua kuwa mbuzi:
anakula bidhaa.

Hesabu za kutoa, leo, hazina ubao.

Mwantumu hajasema neno tangu Januari.
Nikampa machungwa na kipande cha kanga.
Akajifunga kiunoni,
akapanga mafungu: manne, manne,
na moja la nyongeza juu.

"Karibu, mteja."

Hata mbuzi akaacha kutafuna.

Mteja ni mimi.
Nikapapasa mfuko, nikajitia sina:
"Nikopeshe, mama. Mwisho wa mwezi nitalipa."

Akanitazama toka viatu hadi mtandio.
"Ya Ijumaa hujalipa, mwalimu.
Elfu tatu. Ulitoa mia tano.
Bado elfu mbili na mia tano."
Kichwani tu, bila vidole.

Darasa likaangua kicheko,
wakidhani ni mchezo.

Jioni nilipita Ngamiani, gengeni kwa mama yake,
noti ya elfu tano kiganjani.
Mwantumu akanihesabia chenji,
hakusema neno.